Pedali Chini ya Zulia

Ilikuwa Alhamisi, tarehe 14 Novemba 2024, saa kumi na mbili kasoro dakika saba jioni. Nina hakika na saa hiyo kwa sababu niliiandika. Gari langu lina daftari lake: kila oili iliyobadilishwa, kila plagi, kila kilomita. Jioni hiyo niliandika: "287,416. Gereji ya Melchior. Loki mpya milango yote minne. Pedali ya zamani imekatwa."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayoninyima usingizi.

Gari lenyewe ni la mwaka 1996, lilitoka Japani likiwa na usukani upande wa kulia. Hapa kwetu dereva hukaa kushoto, kwa hiyo mwenye gari wa kwanza, mzee Nsengiyumva wa Ndera, aliuhamisha. Magari ya namna hiyo yamebaki machache Kigali, lakini ukizoea unayatambua upesi. Mkono wa kufungulia boneti umebaki kulia. Mvua ikinyesha, waipa zinasafisha vizuri kioo cha kulia, na mbele ya macho ya dereva zinaacha ukanda wa maji.

Gari linamfutia kioo mtu ambaye hayupo. Nilizoea kutania hivyo.

Mzee alipokufa, mjane wake, Donatille, aliniuzia gari. Alinikabidhi funguo kwa mikono miwili akasema, "Upande wa kulia usiuguse, mwanangu. Ulitengenezwa vizuri." Nikayachukulia kama maneno ya muuzaji. Tangu hapo alinipigia simu kila mwisho wa mwezi. "Gari iko salama? Inafika nyumbani mapema?" Nilimjibu kwa adabu. Nani anamkatia simu mjane?

Nilibadilisha matairi, nikabadilisha springi za mbele, nikaweka taa mpya. Breki peke yake ndiyo iliyonishinda. Mara kwa mara, hasa jioni, pedali ilishuka kidogo kabla sijaikanyaga. Sentimita moja, labda moja na nusu. Mafundi watatu waliniambia ni hewa kwenye mafuta ya breki. Wote watatu waliitoa hewa hiyo. Pedali ikaendelea kushuka.

Melchior ndiye aliyeinua zulia la kulia.

Melchior ni Mrundi wa Buyenzi, anamjua mama yangu tangu tulipokuwa Bujumbura. Gereji yake iko Remera, nyuma ya uwanja wa Amahoro. Nilimwachia gari siku nne, na Alhamisi alasiri akaniita.

"Ingrid, kuja uone. Hawa watu walihamisha volani tu. Freni waliiacha kulia. Ukikanyaga huku kushoto, kuna chuma kirefu kinapita chini ya dashibodi, kinaenda kukanyaga kule."

"Ndiyo maana inashuka yenyewe?"

"Inashuka kama mtu anakanyaga kule." Akamulika kwa tochi. "Na pedali ya kule hawakuitoa."

Nilipiga magoti. Chini ya zulia bati lilikuwa na kutu, na kila skrubu ilikuwa na kutu. Katikati ya kutu hiyo kilisimama kisiki cha pedali, bila mpira, kiking'aa kama kijiko. Kilikuwa kimelika katikati, upana wa soli ya kiatu. Shingoni kilizungushiwa uzi mweusi, umekazwa sana. Nilihesabu mizunguko. Kumi na moja.

"Nani anakaa hapa?" Melchior aliuliza.

"Mama. Lakini miguu yake haifiki."

"Mama Xavérine anaendesha gari bila permi? Nitamsemea." Alicheka, kisha kicheko kikakatika. Alikuwa ameugusa uzi. "Hii mimi sikati."

"Melchior, nakuomba. Hamishia breki yote kushoto, toa chuma hicho, kata kisiki. Ni kazi ya kawaida."

"Mimi nakata vyuma, sha. Sikati mambo ya watu."

"Nimesoma fizikia miaka minne. Chuma hung'aa kikisuguliwa. Zulia linakisugua."

"Basi ikate na fizikia yako."

Alikikata hatimaye, kwa sababu nilisimama pale mpaka akakikata. Cheche ziliruka. Nilitarajia harufu ya chuma cha moto. Nilichosikia ni zeri ya kifua, ile wazee wanayojipaka wakikohoa, na kofia ya sufu iliyolowa mvua.

 Melchior alifungua mlango wa gereji wazi kabisa.

Niliondoka. Loki zangu mpya zilifanya kazi kama nilivyotaka: gari likianza kwenda milango yote inajifunga, injini ikizimwa inafunguka. Nilizitaka kwa sababu naogopa watu wa barabarani.

Tak.

Nikajifungia.

Manyunyu yalianza. Waipa zikafagia. Mkoba wangu ulikuwa kwenye kiti cha kulia. Mita kama mia tatu kutoka gereji ukaanguka chini, ingawa sikuwa nimefunga breki wala kukata kona.

Kisha nikasikia.

Tok... tok...

Nikadhani kuna spana Melchior ameisahau. Nikapunguza mwendo. Sauti haikupungua. Ilitoka kule chini kulia, pole pole, kama mtu aliyeamka gizani anatafuta ndala kwa mguu.

Tok...

Simu ikaita ndani ya mkoba. Ni mama, huwa ananipigia saa kumi na mbili kamili. Mkoba ulikuwa umefunguka, na mwanga wa simu ukaonyesha sakafu. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na mpira wa kukanyagia, ule mweusi mpya nilioununua mwenyewe, na ulikuwa unabonyea. Ukainuka. Ukabonyea tena, pembeni kidogo. Ulikuwa unatafuta pale kisiki kilipokuwa.

Simu iliita mpaka ikakata. Sikuweza kuinama kuichukua. Nisingepeleka mkono wangu kule kwa kitu chochote.

Kisha kukawa kimya.

Harufu ya zeri ilikuja karibu. Ilitoka kwenye kiti cha kulia, ikapita juu ya breki ya mkono, ikasimama sikioni mwangu. Kiti changu kikashuka kidogo, kama kochi linavyoshuka mtu wa pili akikaa.

Na mguu ukakanyaga juu ya mguu wangu.

Nataka nieleze sawasawa. Haukuwa baridi. Haukuumiza. Ulikuwa mguu wa kulia wa mtu mzima, wenye kiatu, kisigino kimekaa kwenye vidole vyangu. Nilijaribu kuuvuta wangu. Haukuvutika. Ulibonyeza, na gari likaongeza kasi.

Giporoso nilipaswa kukunja kulia kuelekea nyumbani, Niboye. Nilizungusha usukani, na mguu ukabonyeza mpaka injini ikalia, pikipiki ya mbele ikakwepa. Nikaurudisha usukani. Mguu ukalegea. Ndivyo nilivyojifunza njia, kama ng'ombe anavyofundishwa. Nikikosea, mguu unabonyeza. Nikipatia, unatulia. Nilifikiri kuzima injini ili milango ifunguke, lakini ufunguo ukirudi hadi mwisho usukani unajifunga, na lori lilikuwa linakuja mbele yangu.

Watu walikuwa kwenye vituo vya basi na miavuli yao. Mmoja alinitazama kabisa. Nilifungua mdomo. Angeona nini? Msichana mmoja, amefunga mkanda, anaendesha gari vizuri.

Uwanja wa ndege ukapita kulia. Mulindi ikapita. Tukaingia Ndera.

Nilimwambia, kwa sauti ndogo, "Mzee... mimi siyo."

Mguu ulinipapasa. Mara moja tu, kama mtu anayemtuliza mtoto.

Geti la Donatille lilikuwa wazi. Mwenyewe alisimama uani chini ya taa, kitenge kichwani, beseni mkononi. Beseni lilifuka mvuke. Gari lilisimama mbele yake kabisa. Nilizima injini.

Tak. Milango ikafunguka.

Sikuweza kushuka. Mguu ulikuwa bado juu ya wangu.

Donatille alifungua mlango, akapiga magoti kwenye udongo uliolowa. Hakunitazama usoni. Alinivua kiatu cha kulia, akaikunja soksi akaiweka ndani yake, akauingiza mguu wangu kwenye maji ya moto.

"Umechelewa," alisema. "Dakika kumi na tisa."

Niliangalia saa. Zilikuwa kumi na tisa.

Aliosha mguu huo mmoja. Kisigino, kati ya vidole, kifundo. Aliosha kwa utaratibu wa mtu anayeujua. Alipoukausha kwa taulo ndipo uzito ukatoka, nikauvuta mguu wangu nikaukumbatia kifuani.

"Umekata kile kisiki," alisema. Sasa alikuwa anazungumza na mimi. Kiswahili chake kilikuwa cha Bujumbura, kama cha mama yangu.

"Ni nini kile?"

"Alikuwa na mwanamke Kabuga. Mimi nilikuwa na watoto watano. Nikaenda kwa mtu mmoja ng'ambo ya mto Nyabarongo, akanifungia mguu wake kwenye pedali. Urudi nyumbani kila siku saa kumi na mbili." Alikamua taulo. "Ukarudi. Miaka kumi na tisa ukarudi. Alipohamisha volani nilimlipa fundi akaiacha ile pedali. Halafu mzee akafa, na uzi ulikuwa bado umefungwa."

"Ufungue."

"Aliyefunga alishakufa naye."

"Kwa nini uliniuzia mimi?"

Alitundika taulo begani. Maji ya paa yalidondoka kwenye pipa.

"Gari ilikuwa imezimwa hapa uani," alisema kwa mnong'ono, "na kila jioni nasikia freni inakanyagwa. Nikataka nyumba ikae kimya. Ikakaa kimya." Akainua beseni. "Hiyo ikawa mbaya zaidi."

"Nakuachia gari. Chukua funguo. Sitaki kitu."

"Mguu wake hauko tena kwenye gari, mwanangu. Ulikuwa na pa kukaa, wewe ukapaondoa." Aliutazama mguu wangu kwa huruma kabisa, na huruma hiyo ndiyo iliyonitisha kuliko yote. "Ukiacha gari hapa, kesho jioni utakuja kwa miguu."

"Na nikikirudisha kisiki?"

"Jaribu. Labda atapakumbuka." Aligeuka, akasimama mlangoni. "Kesho nikupikie nini? Yeye alikuwa anapenda sombe."

Nilirudi Niboye mwenyewe. Breki ilinitii. Mama alinikuta bafuni, saa mbili na dakika kumi, nimekaa kwenye ukingo wa karo na tochi ya simu. Nilimwambia nimejikwaa. Kwenye kifundo cha mguu wa kulia, chini kidogo ya mfupa, kulikuwa na mistari myembamba imezunguka, kama soksi yenye lastiki kali inavyoacha. Lakini soksi zangu hazina lastiki namna hiyo.

Niliihesabu mara tatu.

Kumi na moja.

Ijumaa, tarehe 15, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilikuwa mlangoni kwa Melchior kabla hajafika. Aliponiona hakunisalimu.

"Kirudishe," nilisema.

"Ingrid..."

"Kirudishe pale pale, pembe ile ile. Nilipima." Nilimwonyesha daftari.

Kisiki kilikuwa kwenye ndoo ya vyuma chakavu. Uzi haukuwepo. Tulimwaga ndoo yote chini, tukatafuta hadi kwenye mchanga. Melchior alisema labda uliungua. Sikumwambia nilidhani uko wapi.

Alikichomelea saa mbili na robo. Kilipopoa, niliomba grisi. Nilikipaka juu kwa kidole, nikaisawazisha kwa kadi ya maktaba mpaka ikawa laini, bila mkwaruzo hata mmoja. Nikarudisha zulia juu ya fremu ndogo ya waya ili lisiguse grisi. Melchior alinitazama bila kutania. Kisha nikaendesha.

Nilizunguka uwanja wa Amahoro mara tatu. Nilifunga breki kwenye kila taa na kila kivuko cha watu. Nilikuwa naiombea pedali ishuke. Miezi minane niliichukia ile sentimita moja, na asubuhi hiyo ningeipigia magoti.

Haikushuka. Ilikuwa breki nzuri kabisa. Ilikanyagwa na mguu mmoja tu, wangu, na sikujua tena kama ni wangu.

Nilisimama kando ya barabara, nikainua zulia.

Grisi ilikuwa laini, kama siagi ambayo haijatiwa kisu.

Nilikaa hapo dakika nne. Wanafunzi walipita na sweta zao. Nilikunja suruali, nikahesabu tena, nikaishusha. Kisha nikachukua simu, nikatafuta namba ya Ndera. Aliipokea kabla haijaita mara ya pili.

"Sombe ni sawa," nilimwambia. "Nitafika saa kumi na mbili."