Sanamu la Kitunguu Saumu

Jumatatu asubuhi, Mama Tae-sik alikunywa uji wa mchele, akajifunga skafu, akaenda kungoja basi la wilaya. Figo zake hazifanyi kazi. Basi lile humpeleka mjini kusafishwa damu kwa mashine, bila nauli. Lisipokuja, hafiki hospitali. Asipofika, atakufa.

Siku hiyohiyo mumewe, mzee Do Sang-gil, alivaa suti na kuongoza wazee wa ukoo wa Do hadi kwa mkuu wa wilaya. Tulimchagua wenyewe, anaitwa Do Yeon-hwa, na ni binti wa mdogo wa mzee huyo. Mimi ni jirani yao. Niliwasindikiza, nikasikia yote.

"Tunataka sanamu la kitunguu saumu pale njia panda," mzee alisema. "Wilaya jirani wamejenga pilipili ya saruji, ndefu kama ghorofa! Sisi tunaolima saumu tuonekane hatuna lolote?"

"Baba mkubwa, karibuni chai," alijibu Yeon-hwa. "Lakini sanamu, hapana."

"Hapana? Unaniambia mimi? Nilikubeba mgongoni!"

"Ulinibeba, na ninashukuru. Sanamu bado hapana. Fedha zilizopo ndizo zinazo..."

Hawakumngoja amalize. Walitoka wakibamiza mlango. Kesho yake walitundika bango njia panda: DO YEON-HWA AMEUSALITI UKOO.

Nilipoliona damu ilinichemka. Watu wazima na mvi zao! Tulimpigia kura atutunzie mali ya wote. Sasa anaitunza, tunamwita msaliti. Tulitaka kiongozi au tulitaka binti wa ukoo wa kutugawia?

Jioni nilimwita Ma Chun-ja, aliyewahi kuwa diwani. Tulimkuta mzee kwenye nyumba ya wazee, wanapokutana kupiga soga, bado anafoka. Mkewe alikuwa kando, anamenya saumu.

"Shemeji," Chun-ja alimwambia, "dada yangu ameolewa kule kwenye pilipili. Unajua anakwendaje hospitali siku hizi?"

"Kwa basi, kama mke wangu."

"Basi gani? Lilifutwa. Kwanza pilipili, kisha lango la ukoo fulani, kisha taa za rangi darajani. Mkuu wao ni mpole, hajui kumkatalia mtu. Fedha zikaisha. Basi halikuwa na wa kulitetea."

"Si waombe serikali iongeze?"

"Serikali haina shamba la kuchuma fedha, shemeji! Ni kodi yako na yangu, kapu moja. Kiongozi akikubali kila ombi, anamnyang'anya mtu ambaye hayupo ofisini siku hiyo. Haya niambie, nyinyi mlipokwenda Jumatatu, nani hakuwepo?"

Mama Tae-sik aliweka kisu chini.

"Mimi," alisema. "Nilikuwa kwenye mashine. Unataka kunizika chini ya kitunguu, Baba Tae-sik?"

"Sikujua, mama."

"Hukutaka kujua! Mtoto alikuwa anakueleza, ukabamiza mlango."

Asubuhi mzee alichukua ngazi akaliteremsha lile bango, mchana kweupe, wenzake wakimzomea. Kisha akaenda ofisini peke yake. Safari hii alikaa, akanywa chai, akamsikiliza Yeon-hwa mpaka mwisho. Sanamu halikujengwa. Theluji ilipoanguka mwaka ule, basi lilifika kila siku yake.

Vuli iliyofuata, ukoo ulikusanyika makaburini kwa tambiko la wahenga. Baadhi ya wazee walikuwa bado wamenuna, na Yeon-hwa aliachwa pembeni kabisa, hakuna anayemsemesha. Mzee Sang-gil akainuka na chupa ya pombe ya mchele. Kwetu mdogo ndiye humimina kwa mikono miwili, kumheshimu mkubwa. Mzee alipiga magoti mbele ya binti wa mdogo wake, akammiminia kwa mikono miwili.

"Baba mkubwa, acha, watu wanatutazama!"

"Watazame." Aliwageukia wazee. "Huyu alinikatalia mimi mbele yenu. Ndiyo maana mke wangu yule pale yu hai, anakula."