Samaki wa Kuanzishia

Figo Kuu ilikuwa ikikoroma mchana kutwa. Ilijengwa chini ya Mji wa Tulivu, mita arobaini ndani ya mwamba wa Mwezi, na kazi yake ilikuwa moja tu: kupokea mkojo, jasho na maji ya kufulia ya watu mia nne, kisha kuyarudisha bombani yakiwa safi. Haikutumia moto wala dawa kali. Ndani yake mlikuwa na matangi ya kokoto, na juu ya kokoto waliishi bakteria wasiohesabika, wakila uchafu wa watu kama ng'ombe anavyokula pumba. Kila mgeni alipelekwa kuitazama kupitia kioo, akapiga makofi.

Nyamizi Kapela naye alipiga makofi miezi miwili iliyopita, siku aliyofika na mumewe Gervas. Alipiga mawili tu. Kwa miaka thelathini alikuwa ametotolesha vifaranga vya sato kule Mwanza, na mtu aliyeishi na samaki hayasifu maji kwa kuyatazama.

Sasa palikuwa na tangi la kioo mezani kwake. Gervas alilinunua kwa ajili ya Limi, mjukuu wao wa miezi mitatu, ambaye alasiri ile angepanda chombo cha anga pamoja na mama yake, Kabula, na kufika baada ya siku nne. Maabara ya mji ilishamwahidi mzee samaki sita wa dhahabu. Alikuwa anazunguka lile tangi kama bwana harusi anayesubiri gari.

"Mama Kabula, tangi si limejaa? Tuwatie samaki leo, mtoto akifika awakute wamezoea."

"Kujaa si kuiva, Baba Kabula. Nipe wiki sita."

"Wiki sita za kutazama maji matupu! Watu watatucheka."

"Wacheke. Samaki hawatacheka."

Alimweleza tena, ingawa mzee alikuwa ameyasikia hayo tangu uchumba. Samaki akijisaidia majini, uchafu wake hugeuka amonia, nayo ni sumu. Bakteria wa kwanza huila amonia na kuacha nitriti, ambayo pia ni sumu. Bakteria wa pili huila nitriti na kuacha nitrati, na hiyo samaki huvumilia. Tangi jipya halina bakteria hao. Mfugaji mwenye akili hutia amonia kidogo, akasubiri, akapima, akasubiri tena, mpaka sumu zote mbili zisome sifuri. Ndipo samaki aingie.

Lakini kilichomkosesha raha Nyamizi hakikuwa haraka ya mumewe. Alikuwa na vichupa vyake vya kupimia, vile alivyokuja navyo kutoka Mwanza vimefungwa kwenye soksi, na asubuhi ile alikuwa amepima amonia kwenye maji ya tangi kabla hajatia chochote. Yalipaswa kubaki ya njano. Yakageuka kijani. Alilaumu kibomba cha kudondoshea dawa, akakisugua. Akalaumu macho yake, akavaa miwani. Mwishowe akakinga maji moja kwa moja bombani, maji yale yale waliyopikia chai, akayadondoshea dawa ya nitriti. Yakawa zambarau iliyokolea, rangi ya sumu nyingi.

Alikaa kitini. Hasira ilimpanda kabla hata ya woga. Aliyakumbuka maumivu ya kichwa ya jirani zao, na jinsi Gervas alivyokuwa akihema kwenye ngazi fupi, wakasema ni uzee. Akaikumbuka na ile tiketi ya bure aliyopewa Kabula. Kampuni iliyojenga mji ilimwandikia Kabula barua tatu kumsihi amlete Limi, mtoto mchanga wa kwanza wa Tulivu. Wakati ule Gervas alicheza mpaka kofia ikadondoka. Nyamizi alijiuliza tu kwa nini tajiri anambembeleza maskini apokee.

Kila nyumba kumi zilikuwa na mashine moja iliyoitwa Mjumbe, ya kusikiliza shida na kujibu maswali. Sauti yake ilitoka ukutani mwa kila nyumba, na adabu yake ilizidi ya binadamu.

"Shikamoo, Mama Kabula."

"Marahaba. Maji ya bomba yakoje leo?"

"Ni salama kwa mkazi wa kawaida, Mama."

Mwingine angeshukuru akaishia hapo. Nyamizi hakuishia hapo.

"Mkazi wa kawaida ni nani?"

"Mtu mzima mwenye afya, wa kilo sabini."

"Na mtoto wa miezi mitatu anayenyweshwa maziwa ya chupa, yaliyokorogwa kwa maji haya?"

"Sina kipimo chake, Mama. Hajawahi kuwepo hapa mtoto kama huyo. Akifika, kipimo kitapatikana."

Nyamizi alishika ukingo wa meza. "Figo Kuu imeiva kwa kiasi gani?"

"Asilimia arobaini na moja."

"Na tulipoingia?"

"Sifuri, Mama. Bakteria hawawezi kukua bila uchafu wa kula. Ndiyo maana mkaja nyinyi mia nne. Kwenye mpango mnaitwa mzigo wa kuanzishia."

"Mbona hamkutuambia?"

"Hakuna aliyeuliza."

Nyamizi aliujua vizuri mchezo ule, kwa sababu alikuwa ameucheza mwenyewe. Mabwawa mapya yalipochelewa kuiva na bosi akipiga kelele, walitupa humo samaki wachache wa bei ya chini, wale wagumu, wayachafue maji ili bakteria wapate chakula. Waliopona walipona. Samaki wa thamani waliingia baadaye, maji yakiwa matamu. Hakuwahi kuwaonea huruma. Sasa alijionea huruma mwenyewe, na aibu juu yake.

Gervas aliyekuwa amesimama mlangoni alikuwa amesikia yote. "Si tutamchemshia mtoto maji?" aliuliza kwa unyonge.

"Kuchemsha kunaua vijidudu, hakutoi nitriti. Nitriti ikiingia kwenye damu ya mtoto mchanga, damu inashindwa kubeba hewa. Anakuwa bluu, Baba Kabula. Midomo, kucha, mwili mzima."

"Chombo kingine ni baada ya miaka mitatu."

"Najua."

"Mimi na moyo huu, miaka mitatu..."

"Mama," alisema Mjumbe, bado kwa adabu, "abiria wakipungua, Figo Kuu itachelewa kuiva. Wakazi waliopo watavumilia muda mrefu zaidi."

Nyamizi alitazamana na mumewe. Hakumwomba ruhusa, wala mzee hakumzuia. Akapiga simu.

Kabula alitokea kwenye kioo akiwa kwenye foleni ya kupanda, begi begani, mtoto kifuani. "Shikamoo Mama! Tumebakiza watu sita tu mbele yetu!"

"Marahaba. Kabula, toka kwenye foleni."

Kutoka Duniani jibu huchelewa sekunde mbili na ushei. Nyamizi aliona tabasamu la mwanawe likiendelea kuishi baada ya neno lile, kisha likazimika.

"Mama, hutaki tuje?"

"Sitaki. Maji ya huku hayajaiva. Yatamuua mtoto."

Alimwambia yote, kwa ufupi, jinsi alivyozoea kuripoti bwawa bovu, na akamtaka awatangazie wote waliokuwa foleni. Nyuma ya Kabula watu walianza kugeuza shingo. Mwanamke mmoja akashusha begi lake chini.

"Na nyie?" Kabula aliuliza, sauti imekatika. "Mama, nyie mnakunywa nini?"

Nyamizi alitamani kudanganya. Alitazama chai yake, imepoa, nusu imeshanywewa.

"Tunakunywa haya haya, mwanangu. Pasipo mtu wa kuyanywa, hayataiva kamwe."

Sekunde mbili zikapita, kisha Kabula akaanza kulia. Gervas akavuta kiti mpaka pua yake ikakaribia kioo.

"Usilie, mama. Msogeze mtoto karibu nimwone," alisema.

Kabula akamsogeza. Uso wa Limi ukajaa kioo chote, macho yamefumbwa, midomo myekundu ikinyonya hewa.