Tutalala Karibu na Ziwa

Ukurasa wa siku ya tano katika daftari la safari ulikuwa na mstari ambao binti hakuuandika.

"Tutapanda mnara. Ngazi ni mia mbili na kumi na nne. Ya sabini imemegeka."

Mwandiko ulikuwa wa mama yake, ile "g" yenye mkia mrefu kama uzi uliosahauliwa kukatwa. Mama huyo, fundi cherehani, hakuwahi kufika kwenye mnara wowote, na alikuwa amezikwa miezi mitatu iliyopita.

Binti alikuwa msahihishaji wa vitabu vya shule. "Wewe hata chafya ya mtu unaisahihisha," mama alizoea kumtania. Mwaka mzima walikuwa wamekaa bega kwa bega kwenye benchi la jikoni, ramani mezani, wakipanga safari yao ya kwanza maishani: nchi ya ngome za kale, maziwa, na treni zinazokatiza milimani. Mama alichagua, binti akaandika. Sentensi moja tu ndiyo mama aliyoiandika mwenyewe, ukurasa wa mwisho: "Tutalala karibu na ziwa, na sitashona kitu."

Baada ya mazishi binti aliendelea kupanga. Tutashuka hapa. Tutabadilisha treni pale.

Kisha nyumba ikaanza kunuka mawe yaliyolowa. Alifua mapazia, akapiga deki mara mbili, na harufu ikabaki. Siku moja saa nane mchana, akiwa na ufunguo wa chumba cha kushonea mfukoni mwake, alisikia cherehani ikilia humo ndani, akasimama mlangoni na kujua kwa mwili mzima kwamba si mama yake, maana mama alikuwa akipumzika kila akifika kwenye kona ya pindo, na huyu alishona moja kwa moja, bila kituo, bila kukata uzi, kama kiumbe kisicho na mikono ya kuchoka, huku akinong'ona kwa sauti ile ile iliyomlea: "Tumechelewa, mwanangu. Fungasha."

Alimpigia simu mama mdogo, naye akaja na mganga, mwanamke mfupi mwenye miwani, asiye na maneno mengi. Mganga hakufungua chumba. Aliomba daftari.

"Hapa umeandika 'tutaondoka'," alisema kwa sauti ya chini. "Wewe na nani?"

"Na mama."

"Mama yuko wapi?"

Mama mdogo akamshika binti mkono.

"Umeacha kiti kitupu ndani ya kitenzi," mganga akasema. "Jini limekikalia. Ukisafiri hivi litakwenda nawe, na huko halitakuruhusu kurudi. Kata kila 'tu'. Andika 'ni'."

"Kila moja?"

"Si ndiyo kazi yako?" mama mdogo akanong'ona. "Fanya, mama. Fanya tuondoke humu."

Akashika kalamu nyekundu. Nitashuka. Nitabadilisha. Nitapanda. Kila alipokata, mlango wa chumba ulitikisika, na sauti ikauliza, safari hii kwa upole, kama mtu anayesahauliwa kituoni huku akiona gari linaondoka na kila anayempenda yumo ndani: "Na mimi je? Mwanangu, na mimi je?"

Alifika ukurasa wa mwisho.

"Huu aliuandika akiwa hai," alisema.

"Najua. Ndiyo maana linaung'ang'ania."

Akakata. Nitalala karibu na ziwa. Cherehani ikanyamaza. Harufu ikaondoka kama pumzi inavyotoka. Mganga akaguna kwa kuridhika, mama mdogo akalia kidogo, kisha wote wawili wakaaga.

Binti akabaki jikoni na ukimya. Alikuwa ameuomba kwa wiki nzima, lakini sasa ulimkaa kifuani kama jiwe. Akaisoma tena ile sentensi. Ilikuwa sahihi kabisa. Haikuwa na mtu ndani yake ila yeye.

Wasahihishaji wana alama ambayo wengine hawaijui: ukikata neno kisha ukajuta, unaweka nukta chini yake, na mpiga chapa anaelewa kwamba lirudishwe kama lilivyokuwa.

Akaweka nukta ya kwanza chini ya "tu". Akaweka ya pili, ya tatu.

Kisha akasogea kidogo kwenye benchi, akaacha nafasi.