Macho ya Edina Nyuma ya Basi

Tone la rangi nyekundu lilimdondokea Edina begani, kwenye gauni la krimu aliloshonesha Pasaka, akikatiza stendi kurudi ofisini.

"We fundi! Huoni watu?"

"Nimekuona, ndiyo maana mkono ukateleza," akajibu Octavian, mchora mabasi, kutoka juu ya ngazi.

Wakaanza hivyo. Mwaka ule wa 1993 kila aliyenunua basi Dodoma alitaka picha nyuma: simba, tausi, mwanamke mzuri. Octavian akamchora Edina nyuma ya basi la Gulwe, kwao Edina. Alichora mwanya, hereni, hata kidoti cha shavuni. Macho hakuyatia. Yalibaki meupe kama maganda ya yai.

"Umenichora maiti?"

"Mpenzi, mafundi hatumtii macho mtu aliye hai. Ni mwiko wetu."

"Mwiko! Sema unamwekea nafasi mwingine. Siku ukiyatia, nitafute."

Wiki mbili hawakuonana. Ya tatu, simu ya ofisini ikalia.

"Edi wangu, nimeyatia. Yote mawili. Na barua ya posa iko mfukoni, kesho naipeleka kwa baba."

"Kwa basi lipi?"

"Lako, mrembo."

Edina akacheka mpaka bosi akageuka.

Asubuhi, akienda kumsindikiza, alipitia Nkuhungu kwa Mzee Bartolomayo, aliyemfundisha Octavian kazi.

"Shikamoo, mzee. Nimepata macho!"

Mzee akaweka brashi chini.

"Mke wangu Penina nilimchora kwenye lori, nikamtia macho. Alining'ang'ania kama wewe. Lori likapinduka Kongwa. Yeye alikuwa jikoni kwangu, anasonga ugali, akaanguka akafa saa ileile." Akachovya tambara kwenye mafuta ya taa, akampa. "Rangi haijakauka. Kimbia, mwanangu."

Edina alikimbia, viatu mkononi. Basi lilikuwa linanguruma. Akayasugua yale macho mbele ya abiria wote. Jicho la kulia likafutika. La kushoto, lililochorwa kwanza, lilishakauka.

Octavian akaruka chini kutoka ndani ya basi. "Umenikataa?"

"Nilikulazimisha mimi, Okta. Usipande, twende kesho kwa basi jingine."

"Wazee wameshaitwa, wananisubiri saa nane. Nisipofika, baba yako hatanipokea tena."

"Gulwe! Tunaondoka!" konda akagonga bodi.

Upande wa Mpwapwa mawingu yalikuwa meusi tii. Edina akalitazama lile jicho. Nalo likamtazama. Akavaa viatu.

"Haya, panda. Dirishani nakaa mimi."

"Na ofisi?"

"Watanitafuta. Likipinduka, hata ofisini nitaanguka. Wewe peke yako na huyu wa nyuma sikuachi."

Octavian akamshika mkono, ukinuka mafuta ya taa. Basi likaondoka. Wauza karanga waliobaki stendi walilisindikiza kwa macho hadi mvua ikalifunika, na nyuma yake lile jicho moja lilikuwa likiwatazama, halipepesi.