Sukari ya Nafuna

Kila asubuhi kabla ya shule Aloyo aliteka maji, akafagia, kisha akanywa chai isiyo na sukari. Sukari ilikuwemo koponi, lakini Mama alikataza isiguswe. Miaka hiyo ya utawala wa wanajeshi sukari iliadimika Kampala nzima. Hiyo kidogo Baba, aliyekuwa polisi, aliipata kambini.

Mama yake, Sista Lamunu, alikuwa muuguzi. Kipindupindu kilipoingia mtaani kwao Katwe, chupa za dripu ziliisha, na wauguzi wakafundishwa njia mpya: kuchanganya maji yaliyochemshwa, sukari na chumvi kwa vipimo, kisha kumnywesha mgonjwa kwa kijiko, polepole. Mama akaiweka sukari ya nyumbani akiba ya wagonjwa, naye akawa analala wodini. Hakumsuka Aloyo tena siku za Jumapili, kwa kuogopa kumletea ugonjwa.

Ijumaa Aloyo alimpelekea chakula. Kupitia dirisha la wodi alimwona Mama amempakata Nafuna, binti wa jirani yao Oduor, akimnywesha na kumpangusa uso. Roho ilimuuma sana.

"Amemchukua mama yangu, na sukari yetu pia ataichukua," alinung'unika. Alipofika nyumbani alilificha kopo chini ya kuni.

Jioni Mama alikuja mbio, akasimama mlangoni bila kuingia. Oduor alikuwa nyuma yake.

"Aloyo, lete ile sukari. Ya wodi imekwisha."

"Haiko, Mama."

"Haiko? Nani ameitoa?"

Aloyo akatazama kuni.

"Tafuta tena, mwanangu," Oduor alimsihi. "Macho ya Nafuna yameingia ndani. Analia, machozi hakuna."

Aloyo alimwonea wivu Nafuna, lakini hakutaka afe. Alilitoa kopo chini ya kuni. "Niliificha mimi. Nilitaka urudi nyumbani."

Mama alilichukua, akaondoka haraka. Usiku huo Aloyo hakula.

Nafuna alipona. Mama aliporudi nyumbani alimwita Aloyo.

"Kunitaka si kosa, mwanangu, na wivu humpata kila mtu. Lakini wewe uliuficha wivu wako, ukakufanya useme uongo, na uongo huo ulikaribia kumzika mwenzako. Siku nyingine niambie tu kwamba una hamu nami."

"Nina hamu nawe, Mama."

Mama alinawa mikono kwa sabuni, akaketi barazani. Aloyo alikimbia kuleta kitana ili asukwe. Aliporudi alimkuta Nafuna amekuja, bado dhaifu, na Mama akasema Nafuna asukwe kwanza.

Wivu ukamchoma Aloyo tena. Lakini safari hii hakuficha kitu; akampa Mama kitana.