Waimbaji wa Besi Waliopotea

Kila Jumamosi asubuhi, jua likiwa bado halijavuka paa la gereji, Chapuchapu alifagia kwa sumaku. Msicheke. Sumaku yenyewe ilitoka kwenye mgongo wa spika iliyokufa, shangazi yake akaifunga kamba, na kazi ya Chapuchapu ilikuwa kuiburuta sakafuni kama mtu anayempeleka mbuzi malishoni. Skrubu zote zilizodondoka wiki nzima zilikuja mbio zenyewe na kujishika. Kilichokataa kuja kilikuwa plastiki, au mende.

Jina la Chapuchapu hakupewa na wazazi. Alipewa na shangazi huyo huyo, siku alipovaa haraka haraka akafika shuleni na viatu viwili vya mguu wa kushoto. Kila alichokishika alikimaliza kabla wenzake hawajaanza. Kama kilimalizika vizuri, hilo ni jambo jingine.

Shangazi alikuwa fundi wa redio za magari. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya wa shaba, na masikio yaliyosikia kila kitu isipokuwa mteja akisema, "Nina haraka." Kwa miezi mitano Chapuchapu alikuwa amemmulikia tochi tu. Mkono ulichoka, na jicho lilijifunza.

"Leo milango ni yako," shangazi alimwambia akipangusa mikono. "Mimi nitashughulika na dashibodi. Ukiifanya vizuri yote miwili bila mkono wangu, kuanzia leo milango ya kila gari litakaloingia hapa ni kazi yako. Ukinivurugia, unarudi kwenye tochi na sumaku."

Chapuchapu alikuwa na miaka kumi na miwili, lakini alipoyasikia maneno hayo alihisi ana ishirini.

Mteja wa siku hiyo alikuwa mwalimu wa kwaya, mrefu na mwembamba kama mlingoti, aliyejikunja mara tatu ili atoke kwenye gari lake dogo la buluu. Alishuka akiwa amekasirika tayari, lakini kwa adabu.

"Fundi, nina waimbaji wa besi wanne. Wanaume wazima, vifua kama mapipa. Nimewarekodi vizuri kabisa. Nikiwaweka kwenye redio hii, wanalia kama mbu ndani ya kopo!"

"Redio ndiyo iliyokuja na gari?"

"Tangu kiwandani. Na spika zake."

"Basi usiwalaumu hao wanaume, mwalimu. Kiwanda kiliweka spika ili isemekane gari lina redio. Kusikia muziki ni juu yako mwenyewe."

Vifaa vipya vilikuwa tayari mezani: redio, spika mbili nzito za milangoni, na amplifaya ndogo ya kukuza sauti, ya kulala chini ya kiti. Vyote shangazi alivinunua kwa muuza spika wa upande wa pili wa barabara, ambaye binti yake, Kasuku, alikaa dawati moja na Chapuchapu. Kwa nini aliitwa Kasuku, mtajua akifungua mdomo.

"Nisikilize," shangazi alisema, akinyanyua spika moja. "Spika ina ncha mbili, chanya na hasi. Koni hii hapa ndiyo inayosukuma hewa. Spika mbili ni kama watu wawili wanaobeba meza. Mmoja akisukuma na mwingine akivuta, meza haiendi popote. Kwa hiyo ukishaunganisha, kabla hujafunga mlango, chukua betri ya tochi, uiguse kwenye nyaya za mlango huo, huku nyuma ya redio. Koni ikiruka nje, sawa. Ikizama ndani, umegeuza. Unapima kila mlango. Rangi ya waya usiiamini. Gari limepita mikono mingi, na kila fundi ana ukorofi wake."

Chapuchapu aliitikia "ndiyo" kwa kila sentensi, hata zile ambazo hazijaisha.

Alianza na mlango wa kushoto. Alibandua ganda la ndani kwa mwiko wa plastiki, maana bisibisi ingekwaruza, na klipu zikaachia moja moja, tap, tap, tap. Spika ya zamani ilikuwa nyepesi kama chapati iliyokauka, na koni yake ya karatasi ilikuwa imechanika. Akaweka mpya, akaunganisha nyaya, ule mweupe mtupu kwenye chanya na ule mweupe wenye mstari mweusi kwenye hasi. Akagusa betri. Koni ikaruka nje, pup! Akafunga mlango huku akijipongeza moyoni.

Alipofika mlango wa kulia, Kasuku naye alifika getini na karanga kiganjani.

"Bado uko hapo?" Kasuku akauliza. "Baba anasema fundi mzuri hapotezi muda. Mimi nitamaliza karanga hizi kabla hujafunga huo mlango."

"Zimebaki ngapi?"

"Tisa." Akatumbukiza moja. "Nane."

Ganda likatoka kama ganda la ndizi. Spika ikaingia. Nyaya zilikuwa zilezile, mmoja mweupe, mmoja mweupe wenye mstari. Chapuchapu akaziunganisha kama za kushoto.

"Nne," Kasuku akatangaza. "Tatu. Mbili, na hii ya pili ni ndogo."

Betri ya tochi ilikuwa imeviringika mpaka chini ya kiti, karibu na goti la shangazi aliyekuwa akifunga amplifaya. Kuitafuta na kupima kungechukua muda wa kupiga chafya mara tatu. Lakini karanga zilikuwa mbili. Chapuchapu akajisemea kwamba nyaya pacha haziwezi kuwa na tabia tofauti, akabandika ganda, akaligonga kwa ngumi.

"Umepima milango yote miwili?" shangazi aliuliza, kichwa kikiwa chini ya kiti.

"Nimepima, shangazi."

"Koni zimetoka nje?"

"Zote."

"Umeshinda," Kasuku alisema kwa huzuni, akala karanga ya mwisho.

Mwalimu wa kwaya alijikunja tena ndani ya gari, akafumba macho, akawasha wimbo wake. Sauti za akina mama zilitoka safi kama glasi iliyooshwa. Mwalimu akatabasamu. Kisha akafumbua jicho moja.

"Wanaume wangu wako wapi?"

Shangazi akaongeza besi. Hakuna kitu. Akaongeza tena. Palisikika mngurumo mdogo wa mbali, kama mtu anayekohoa nyumba ya tatu.

"Walikuwa wanne!" mwalimu alilalamika. "Mmoja ana kilo mia moja na kumi. Mtu wa namna hiyo hapotei hivi hivi!"

Shangazi alichomoa amplifaya akairudisha. Alipima fyuzi. Alibadilisha waya mzima wa chini ya zulia. Chapuchapu alimmulikia tochi.

"Dalili hii naijua," shangazi alisema mwisho, akikaa kwenye kizingiti cha gari. "Mlango mmoja ukigeuzwa, besi hufa namna hii hii. Spika hii inasukuma, ile inavuta, zinamalizana zenyewe. Lakini si hilo. Mtoto amepima."

Alisema hivyo bila kumtazama Chapuchapu, kama mtu anayesema leo ni Jumamosi. Chapuchapu angependelea azabwe kibao.

"Basi ni spika." Shangazi akavua miwani. Mtaa mzima ulijua kwamba akivua miwani, mtu fulani atasemwa. "Miaka kumi na minane nanunua kwake, leo ndiyo ananiuzia feki! Mwalimu, nisubiri."

Akashika njia kuelekea ng'ambo ya barabara.

"Spika za baba si feki!" Kasuku alipiga kelele, na karanga za kutafuna hakuwa nazo tena. "Jana alizijaribu dukani mpaka vioo vya kabati vikatetemeka! Mwambie shangazi yako! Mwambie, wewe si ndiye uliyepima?"

Chapuchapu alisimama na tochi yake. Akisema, milango yote ya magari ya dunia hii itafungwa mbele yake, na sumaku inamngoja. Asiposema, baba yake Kasuku ataitwa mwizi mbele ya kaunta yake mwenyewe. Kule ng'ambo, muuza spika alikuwa ameshamwona shangazi anakuja, na alikuwa anampangusia kiti huku akitabasamu.

Tabasamu lile ndilo lililomshinda. Chapuchapu alitazama kushoto na kulia, akavuka barabara mbio.

"Jirani," shangazi alikuwa anaanza, mikono yote miwili juu ya kaunta, "nimekuja na neno, na unijibu kabla sijapandisha..."

"Shangazi!"

"Subiri, wakubwa wanaongea."

"Mlango wa kulia sikupima!"

Hata feni ya dukani ilionekana kama imepunguza mwendo. Muuza spika alitazama huyu, akatazama yule, kitambaa mkononi.

"Samahani," akasema, "mimi nilikuwa naulizwa nini?"

Shangazi alivaa miwani polepole. "Nilikuja kukuita mwizi, jirani. Nisamehe. Ilibaki sentensi moja tu."

"Afadhali hukuimaliza," muuza spika akajibu, "maana majibu yangu yangekuwa marefu." Kisha akacheka, na shangazi akacheka. Chapuchapu hakucheka.

Waliporudi, shangazi hakugusa chochote. Alikaa kwenye kigoda akakunja mikono. "Fungua," akasema. Chapuchapu akabandua ganda. Akapiga magoti, akaitafuta betri chini ya kiti, akagusa. Koni ikazama ndani, fup, kama shavu la bibi asiye na meno. Fundi fulani wa zamani alikuwa amekata na kuunga nyaya zile ndani ya mlango, akazipishanisha, akaenda zake. Chapuchapu akazigeuza, akagusa tena. Koni ikaruka nje.

"Sasa mweleze mteja aliyempotezea watu wake ni nani."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Chapuchapu alimweleza mwalimu wa kwaya yote, na karanga pia.

"Kwa hiyo," mwalimu alisema baada ya kufikiri, "wanaume wangu walikuwa wanavutana mlangoni muda wote huu?"

"Ndiyo, mwalimu. Samahani."

"Wana tabia hiyo hata mazoezini."

Akawasha wimbo. Safari hii besi iliingia kama malori manne yaliyoshiba mizigo. Kioo cha pembeni kilitetemeka, bisibisi zikacheza mezani, na mwalimu wa kwaya akaanza kuongoza kwa kidole kimoja, machozi yakimlengalenga. Aliondoka taratibu, madirisha yote wazi, ili mtaa mzima upate haki yake.

"Narudi kwenye sumaku?" Chapuchapu aliuliza gari lilipopotea.

"Unarudi. Wiki tatu." Shangazi alimsogezea kigoda. "Lakini kaa kwanza. Waya uliogeuzwa si jambo. Mimi nilipokuwa mwanafunzi niliunga honi na breki. Kila mteja wangu alipopunguza mwendo, mji mzima uligeuka. Fundi asiyekosea ni yule anayeuza viazi."

Chapuchapu akatabasamu kidogo.

"Usitabasamu, sijamaliza. Gari likinidanganya, nalitafuta mpaka nalipata. Wewe uliponiambia umepima, nilitafuta kila mahali isipokuwa pale, kwa sababu pale niliweka neno lako. Umeona lilikonifikisha? Mpaka kwenye kaunta ya mtu asiye na kosa. Kosa lako lingetengenezwa kwa bisibisi. Uongo wako ungetengenezwa kwa nini?"

Chapuchapu aliiokota kamba ya sumaku.

"Na bado ulikimbia ukasema, mimi nikiwa nimevua miwani," shangazi akaongeza. "Wanaume wazima wameshindwa hilo. Ndiyo maana ni wiki tatu tu."

Wiki tatu zilipita kwa mwendo wa konokono, lakini zilipita. Jumamosi ya nne iliingia teksi nyeupe, dereva wake akitazama saa hata kabla ya kuzima injini. Shangazi alifanya dashibodi, akajimiminia chai, akakaa akiwa ameligeuzia gari mgongo.

"Umepima?" akauliza bila kugeuka.

Chapuchapu alikuwa ameshika ganda la mlango wa kulia, klipu zote zikiwa tayari kubonyezwa. Dereva alikuwa anagongagonga mguu chini.

"Wa kushoto nimepima, koni imetoka nje. Wa kulia bado, shangazi."

"Bado?"

"Bado."

Shangazi hakusimama kwenda kukagua. Alijimiminia kikombe cha pili.

"Mama," dereva akasema, "hiyo bado itaisha saa ngapi? Mimi nina haraka!"

"Ikiisha utaambiwa," shangazi akamjibu, "na ukiambiwa, itakuwa kweli. Vuta kiti, mwanangu, unywe chai."