Pumzi Zilizofutwa

Dada yangu alikuwa na tabia ya kuvuta pumzi kwa kelele kabla ya kila mstari. Hata akiimba huku anaosha vyombo, ungesikia pumzi kwanza, ndipo sauti. Alikuwa mwimbaji wa bendi ya mumewe, shemeji yangu: muziki wa metali nzito, magitaa ya kunguruma yaliyochanganywa na fidla, kinanda na kwaya, hata usijue uko kanisani au gereji. Mimi ni fundi cherehani. Gauni lake jeusi la jukwaani nililishona mimi.

Albamu yao ilikuwa na kila kitu, kuanzia wimbo wa kubembeleza mtoto hadi shemeji akibweka kama mbwa mwenye koo bovu. Kwaya nzima ilikuwa dada peke yake, kajirekodi mara nyingi, sauti juu ya sauti. Alikuwa mfupi, kwa hiyo alisimama juu ya kreti la soda ili afikie maikrofoni.

Walipomaliza kurekodi, shemeji alimwagiza fundi mitambo wa studio afute pumzi zote. Mafundi wengi huzipunguza tu. Yeye hakutaka ibaki hata moja.

"Niachie pumzi zangu," dada alimwambia tukiwa mezani.

"Pumzi ni uchafu," shemeji akajibu, macho kwenye simu. "Nataka sauti tupu."

Wiki hiyo hiyo dada alianza kuhema akipanda ngazi. Baadaye akawa anahema hata akiwa amekaa. Daktari akasema pumu, ugonjwa ambao dada hakuwahi kuwa nao. Shemeji akasema gauni langu linambana kifua. Nikalifumua, nikaliongezea kitambaa, hali ikabaki vilevile.

Kisha umeme ukakatika mtaa wa studio, kazi ikalala. Dada akaamka, akafua nguo, akanitania kwamba nimezeeka kabla yake. Nilifurahi kama mjinga. Umeme uliporudi nilimkuta sakafuni jikoni, kinywa wazi.

"Wanafuta tena," alinong'ona. "Kawaambie waniachie wimbo wa mwisho."

Nilimwachia jirani, nikakimbia. Nilifika studio mchana, jua likiwaka. Kwenye skrini sauti ya dada ilichorwa milima milima, na mabondeni kulikuwa na vialama vidogo. Ndizo pumzi. Zilibaki chache.

"Shemeji, acha. Mkeo anakufa."

"Shemeji, wewe nenda kashone." Akamgeukia fundi mitambo. "Endelea."

Fundi alinitazama. Akasita. Shemeji akakichukua kipanya cha kompyuta mwenyewe.

Akafuta moja.

Nyingine.

Ya mwisho.

Simu yangu ikaita. Alikuwa jirani. Nilijua kabla sijapokea.

Albamu ilipotoka ilisifiwa kila mahali. Wasikilizaji walisema sauti ile ni safi mno, haifanani na ya mtu aliye hai, na shemeji akayarudia maneno hayo redioni kwa fahari. Sijui kama alijua alichokuwa anafanya. Nimechoka kujiuliza. Namchukia vyovyote vile.

Juzijuzi alileta mwimbaji mpya, binti mrefu, na binti akagoma kuingia chumba cha kurekodia. Fundi mitambo alinipigia kwa sauti ya chini, akaniomba nifike.

Kioo cha chumba kilikuwa na doa la ukungu, saizi ya mdomo. Fundi alilifuta kwa kiganja. Halikufutika, kwa sababu lilikuwa upande wa ndani, na ndani hamkuwa na mtu. Likafifia. Likarudi. Likafifia. Likarudi.

Lilikuwa chini sana. Binti angelazimika kuinama kulifikia. Lile kreti shemeji alikwishalitupa, na kimo kile mimi nakijua. Nilikipima kwa futi yangu nilipokata gauni.

"Ingia ukifute," shemeji alimwambia fundi.

"Mwacheni apumue," nikasema.

Hakuna aliyeingia. Shemeji ameweka kioo kipya, na fundi ananiambia nacho kina ukungu.